Asiyejulikana kwa Nani? Msanii wa Ukutani na Herufi Nyekundu ya Huruma

Mjadala kuhusu grafiti nchini Kenya umezoea kuendeshwa kwa maswali mawili. La kwanza ni la mwenye ukuta: nani alitoa idhini? La pili ni la mwenye mkono: nani aliyechora? Maswali haya ni ya askari wa jiji na ya hakimu kabla ya kuwa ya mhakiki, na huenda ndiyo sababu uhakiki ulioyachukua jinsi yalivyo umekuwa ukizunguka mahali pamoja, upande mmoja ukiiita michoro hiyo uharibifu wa mali ya watu, upande wa pili ukiiita sauti ya vijana, huku michoro yenyewe ikiachwa bila ya kusomwa. Makala haya yanachunguza swali la pili, yaani la msanii asiyejulikana, kwa kuegemea mtaa mmoja wa mashariki mwa Nairobi, Huruma, ambako maandishi ya ukutani yamewahi kuwa jambo la kufa na kupona. Yanadai kwamba kutojulikana ni uhusiano baina ya anayeandika na anayesoma, wala hakuwezi kuhakikiwa kabla ya kuulizwa: asiyejulikana kwa nani?

Huruma imepakana na Mathare na Kariobangi, na soko la mbuzi la Kiamaiko liko ubavuni mwake. Ni mtaa wa majengo ya ghorofa yaliyosongamana, mengi yakiwa ya chumba kimoja kwa kila mpangaji, na ukuta wa nje, ambao kwa mwenye jengo ni gharama ya saruji tu, kwa mpita njia ni ukurasa. Yamo humo maandishi ya kila aina. Kinyozi amechorewa vichwa vya mitindo anayoiweza na asiyoiweza. Muuza nyama amechorewa mbuzi mwenye afya kuliko wale wanaoning'inia ndani. Kampuni za simu na za vinywaji zimevipaka vibanda vizima rangi zao. Ilani zinakataza watu kukojoa, kutupa taka, au kununua ploti ambayo mwenyewe haiuzi. Wachezaji wa timu za Uingereza wamo, wanamuziki wa Marekani wamo, na kati yao, aghalabu kwa herufi za haraka, yamo majina ya vijana wa mtaa waliokufa mapema. Katika wingi huu anayeitwa msanii wa grafiti ni mmoja tu, wala si wa kwanza kufika.

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliieleza fasihi hiyo kuwa ni tukio, akilifungamanisha na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Mfumo huo unaufaa ukuta kuliko ule wa fasihi andishi, ijapokuwa ukutani mna maandishi. Mahali ndipo panapobeba sehemu kubwa ya maana: neno lile lile likiandikwa langoni mwa kanisa na likiandikwa mlangoni mwa choo cha umma halibaki neno moja. Wakati nao huhesabiwa kwa mvua na kwa brashi ya mwenye nyumba. Kinachokosekana ni fanani, ambaye ameondoka kabla ya hadhira kufika. Hata hivyo, si fanani wote wa ukutani wanaoondoka kwa namna moja. Mchoraji wa mabango hutia jina la karakana yake na nambari ya simu pembeni mwa mbuzi aliyemchora, kwa kuwa ukuta huo ndio tangazo lake. Hajifichi, na hakuna anayemtafuta ila mteja. Mwenye rangi ya mkebe hutia lakabu. Wa tatu hatii chochote. Huyu wa tatu ndiye aliyesumbua mjadala, na kabla ya kumrudia yafaa itazamwe kidogo historia ya jina lenyewe.

Jina, lakabu na adhabu

Michel Foucault, katika mhadhara wake wa 1969 kuhusu dhana ya mwandishi, alikumbusha kwamba matini zilianza kuwa na wenyewe pale wenyewe walipoanza kuweza kuadhibiwa. Fasihi ya Kiswahili nchini Kenya haina haja ya kwenda Ufaransa kutafuta ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1968 kijikaratasi kilichoitwa *Kenya: Twendapi?* kilisambazwa kwa siri. Serikali iliuliza swali lile lile linaloulizwa mbele ya ukuta, na ilipopata jibu ikamfunga Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, kwa miaka 3. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa anwani ya *Sauti ya Dhiki*, safari hii jina likiwa juu ya jalada, na mwaka 1974 yakatunukiwa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye chini ya utawala wake mshairi huyo alifungwa. Mtu ni mmoja na kalamu ni moja. Kilichobadilika ni mahali jina lilipokaa na nani aliyelitafuta.

Baina ya jina kamili na ukimya ipo lakabu, na hapa wasanii wa rangi ya mkebe wana ukoo mrefu kuliko wanavyosifiwa. Ahmad Nassir Juma Bhalo ndiye Malenga wa Mvita. Mwinyihatibu Mohamed ndiye Malenga wa Mrima. Lakabu za namna hiyo humfunga mtunzi na mji wake, humpa cheo na humkabidhi dhamana ya kusema kwa niaba ya wengi. Lakabu za Nairobi, kama vile Bankslave, Swift, Smoki au Solo 7, hazimfungi mtu na mji. Nyingine, kama hiyo ya kwanza inayomtangaza mwenyewe kuwa mtumwa wa benki, zinaweka shutuma mahali palipokuwa pa cheo. Lakini kazi ya kijamii ya lakabu haikubadilika: huigawa hadhira mafungu mawili, walio ndani wanaomjua mwenye jina, na walio nje wanaoliona jina peke yake. Kijana anayeandika ukutani usiku huko Huruma hujulikana kabla ya saa mbili asubuhi kwa keateka, kwa muuza chapati na kwa watoto wa ploti. Wasiomjua ni kanjo na mhakiki. Ni ajabu kidogo kwamba hawa wawili ndio waliokubaliana kumwita asiyejulikana.

Kanga nayo ni jamaa wa karibu wa ukuta. Rose Marie Beck, katika uchunguzi wake wa kanga kama chombo cha mawasiliano, ameonyesha jinsi utata ulivyo sehemu ya kazi yake: anayeivaa anaweza kulipeleka neno kwa jirani na bado akakana kwamba amelisema, kwa sababu hakulitunga, amelinunua dukani. Mwandishi wa ukutani hana dukani pa kusingizia. Hivyo basi anachokificha mwenye kanga ni nia, na anachokificha mwenye mkebe ni mwili wake. Tofauti hii si ndogo. Nia haikamatwi na askari, mwili hukamatwa.

Mfano unaotajwa mara kwa mara katika mijadala ya aina hii, ule wa Banksy wa Uingereza, unapotosha zaidi ya unavyosaidia. Mwaka 2018 picha yake ilijichana nusu mbele ya wanunuzi katika mnada wa London, punde baada ya kuuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1. Mwaka 2021 ile iliyochanika ikauzwa tena kwa zaidi ya pauni milioni 18. Hapo kutojulikana kumekuwa nembo ya biashara, na siri yenyewe ni sehemu ya bei. Kumpima kijana wa Huruma kwa kipimo hicho ni kumkosea, kwani kwake siri haiongezi thamani ya chochote. Inapunguza tu uwezekano wa kulala rumande.

Tumbusi wa 2012

Tukio lililoichochea zaidi hoja ya grafiti nchini lilitokea katikati ya jiji, mbali kidogo na Eastlands. Mwanzoni mwa 2012, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu wa Machi 2013, mpiga picha Boniface Mwangi pamoja na kundi la wasanii wa grafiti walichora kwenye kuta za Nairobi mwanasiasa mwenye kichwa cha ndege mla mizoga, amevaa suti, akijigamba kwamba huiba kodi na kunyakua ardhi na bado huchaguliwa. Ubavuni mwake yaliorodheshwa maovu ya tangu uhuru ambayo hayakuadhibiwa. Baadhi ya michoro hiyo ilifutwa upesi kwa kupakwa rangi. Waliopinga walitaja sheria, heshima ya viongozi na usafi wa jiji. Waliounga mkono walitaja uhuru wa kusema. Ni wachache waliouliza kama mchoro ule ulikuwa mzuri.

Jibu ni kwamba ulikuwa mzuri nusu. Tashtiti yake ya picha ilikuwa kali na ya papo kwa hapo: ukubwa wa ndege, tai ya suti shingoni mwa tai wa porini, na mahali penyewe, penye msongamano wa watu waendao kazini na sokoni. Lakini pale picha ilipoacha mwanya, maandishi yaliuziba. Mwanasiasa yule alisema kila kitu mwenyewe, tena kwa Kiingereza, asimwachie mtazamaji hata neno moja la kujaza. Na katika kujigamba kwake wapigakura ndio waliobaki wajinga. Kinaya kilichokusudiwa kumwangukia mtawala kiliwaangukia pia wale waliokuwa wakisimama na kuusoma ukuta. Mhakiki anayeuhurumia ujumbe hana ruhusa ya kuifumbia macho kasoro hii ya fani.

Kampeni hiyo iliitwa *MaVulture*, na jina hilo lina busara kuliko matini yaliyolifuata. Kiswahili kina tumbusi, neno ambalo wasemaji wengi wa Nairobi hawalitumii, na kina tai, ambaye ana hadhi ya kuwekwa kwenye nembo za mataifa. Kumwita mwizi tai ni kumsifu nusu. Kwa kuchukua neno la Kiingereza na kulivika kiambishi cha wingi *ma-*, Sheng ilifanya kile ambacho Kiswahili sanifu kisingeweza bila ya kamusi: iliwatoa ndege hao katika elimu ya wanyama na kuwaweka pamoja na makanjo na makonda, miongoni mwa watu wa kila siku walio wengi mno na wasioheshimika. Eastlands, ambayo kuta zake hazikuwa jukwaa la kampeni hiyo, ilikuwa imeipa ufunguo wake wa lugha.

Kuhusu kutojulikana, tukio hilo linafunza jambo moja ambalo halikutiliwa maanani. Waliochora walitumia lakabu zao, huku Mwangi akisimama mbele ya vyombo vya habari kwa jina lake kamili. Jina moja lililojulikana mno lilikuwa kivuli cha majina ambayo hayakupaswa kujulikana sana. Msanii asiye na mtu wa namna hiyo mbele yake, na wengi wa mitaani hawana, yuko katika hali nyingine kabisa.

Herufi isiyomo katika alfabeti

Mnamo Januari 2015 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma na kuua watu kadhaa. Serikali iliagiza majengo yakaguliwe, na ukaguzi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ukaeleza kwamba asilimia 58 ya majengo ya Nairobi hayakufaa kukaliwa. Usiku wa Ijumaa, tarehe 29 Aprili 2016, katika mvua kubwa, jengo jingine la ghorofa sita lililokuwa karibu na mto huko huko Huruma liliporomoka. Watu takriban 50 walikufa. Mtoto mchanga alitolewa akiwa hai baada ya saa 80 hivi, na mwanamke mmoja baada ya siku sita. Jengo hilo lilikuwa limekwisha kutajwa na wakuu miongoni mwa yale yanayopaswa kubomolewa. Agizo halikuwa limetekelezwa. Katika siku zilizofuata majengo mengine ya mtaa huo yalionekana yakiwa na alama kubwa ya X kwa rangi nyekundu, na wapangaji wakaamriwa kuhama.

Alama hii ni maandishi ya ukutani. Imeandikwa kwa rangi, kwa haraka, juu ya ukuta wa mwingine, na mtu ambaye msomaji hamjui. Kwa vigezo vyote vya umbo ni grafiti, na ndiyo grafiti iliyosomwa kwa makini zaidi katika historia ya Huruma. Lakini haikuingia katika mjadala, kwa kuwa mjadala umelikabidhi neno grafiti kwa vijana peke yao. Anayesema kwamba X si sanaa na kwa hiyo haimhusu mhakiki wa fasihi itabidi aeleze kwa nini jina la kanga linamhusu.

Yafaa isomwe kwanza kama herufi. Alfabeti ya Kiswahili haina X. Mtoto wa Huruma huikutana nayo kwa mara ya kwanza katika daftari la hesabu, kwa wino mwekundu wa mwalimu, pale alipokosea. Akifika sekondari huikuta tena katika aljebra, ikisimama badala ya kiasi kisichojulikana. Akiwa mtu mzima huiweka mwenyewe kwenye karatasi ya kura, na hapo humaanisha: huyu ndiye ninayemtaka. Kosa, fumbo na chaguo, yote yamekutana katika mistari miwili inayopishana. Inapoonekana juu ya jengo, maana ya kwanza huzishinda nyingine, na kosa linasomwa kana kwamba ni la yule anayelala ndani.

Hapo ndipo ilipo tatizo la hadhira. Kisheria ilani ya kubomoa humlenga mwenye jengo. Mwenye jengo mara nyingi haishi humo; anayeishi humo, anayeiona X asubuhi akienda kazini na jioni akirudi, ni mpangaji, ambaye hakujenga, hakuidhinisha ramani, na kodi ya mwezi amekwisha kuilipa. Matini yameandikiwa mmoja yakasomwa na mwingine, na huyo wa pili hana uwezo wa kutenda yanayodaiwa ila kuhama kwenda katika chumba kingine cha kodi ile ile, penye uwezekano ule ule wa X. J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alitenga usemi unaoeleza jambo na usemi unaolitenda, akionya kwamba huu wa pili hubatilika pale masharti yake yasipotimizwa. X inataka kuwa usemi wa pili. Bila ya ubomoaji wala makao mbadala, hubaki ikielea: si habari kamili, si tendo kamili.

Kasoro zake za kifani zinazidisha hali hiyo. Aghalabu haina tarehe, haina sababu, haina jina la mkaguzi. Pengine hufuatwa na herufi za mwanzo za idara fulani. Si haki kumlaumu mkaguzi aliyepanda ngazi na kuona nyufa, kwani kazi yake ni ya lazima na mahali ilipotiiwa huenda imeokoa roho. Linalohojiwa ni aina ya kutojulikana anakopewa. Msanii wa usiku hujificha kwa walio na nguvu na hujulikana kwa majirani. Mwandishi wa X hujulikana kwa walio na nguvu, kwani jina lake limo katika faili, na hafahamiki kwa wapangaji. Mpangaji akitaka kuuliza kwa nini jengo la jirani halikutiwa alama ilhali lina nyufa zile zile, hana wa kumwuliza. Mbele ya ukuta wote wawili wanaitwa wasiojulikana, na sheria humtafuta mmoja tu.

Hili lina athari kwa utafiti unaofanywa sasa. Wanafunzi wa uzamili wanaoandika kuhusu sanaa ya mitaani huenda Eastlands na kamera na daftari, nao hurudi na picha, na jina la mtaa, na mara nyingine jina la mchoraji walilopewa kwa imani na mtu wa ploti. Kanuni za kawaida za usomi zinadai chanzo kitajwe. Katika suala hili kanuni hizo zinaifanya tasnifu kuwa sehemu ya uchunguzi wa polisi, na msimamizi anayemhimiza mwanafunzi akamilishe jedwali lake la wasanii anapaswa kujua anachokihimiza. Lakabu inatosha. Pasipo na lakabu, mahali na tarehe vinatosha. Ukuta una anwani hata kama mkono hauna. Mkazo ungewekwa badala yake kwa wale wanaoandika kwa mamlaka: majina yao yanaweza kuombwa, na tarehe za ukaguzi wao zinaweza kudaiwa ziandikwe.

Kufuta nako ni kuandika, na historia ya ukuta haikamiliki bila ya wafutaji wake. Tumbusi wa 2012 walifunikwa upesi, kwa kuwa rangi ni rahisi na aibu ya wakubwa haivumilii kungoja. Majina ya marehemu hudumu mpaka mwenye nyumba atakapopaka upya. Kuhusu X, imeripotiwa zaidi ya mara moja jijini kwamba wapo wenye majengo walioifuta kwa rangi ile ile ya ukuta ili vyumba viendelee kupangishwa. Mfutaji huyo naye hakuacha jina. Nyufa zilibaki mahali pake chini ya rangi, mabango ya vyumba vya kupangisha yakatundikwa langoni, na aliyehamia mwezi uliofuata akakuta ukuta safi.